Ukimya wa Februari: Kwa Nini Jibu la MFA Halijafika, na Ukimya Huo Una Maana Gani

Kila mwaka, wiki ya pili ya Februari ikiingia, waandishi waliotuma maombi ya kusomea uandishi wa kubuni Marekani huanza kuumwa ugonjwa mmoja. Simu haiachwi mezani. Barua pepe inafunguliwa mara kumi kabla ya chai. Mtu anaingia kwenye akaunti yake ya maombi, anasoma yale yale aliyoyasoma jana, kwamba ombi limepokelewa na linashughulikiwa, anatoka, kisha anaingia tena. Halafu mwenzake wa kundi la WhatsApp anatangaza kwamba amepigiwa simu na chuo kile kile. Hapo usingizi unakata kabisa. Yeye kapata, mimi kimya: ina maana nimekosa?

Huenda umekosa, huenda hujakosa. Ukielewa kazi inavyokwenda upande wa pili unaweza kukadiria ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu ukimya huu una ratiba. Kuna wiki ambazo haukuambii lolote, na kuna wiki ambazo umeshaanza kusema.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

MFA ni shahada ya uzamili ya sanaa. Kwa waandishi, ni miaka 2 au 3 ya kuandika, kusomewa na wenzako na walimu, na kumaliza na mswada wa kitabu. Chuo Kikuu cha Iowa ndicho kilichoanzisha warsha ya kwanza yenye kutoa shahada ya namna hii, mwaka 1936, na programu nyingi zilizofuata zimeiga umbo lake: darasa dogo, meza moja, kazi ya mtu mmoja ikijadiliwa na wote. Unaomba kwa fani, yaani hadithi, ushairi, au, kwa vyuo vinavyoifundisha, nathari ya mambo ya kweli. Kumbuka neno hilo fani, tutalirudia.

Ombi lenyewe ni sampuli ya kazi yako (kwa hadithi mara nyingi kurasa 20 hadi 30, kwa ushairi karibu 10), barua ya malengo, barua 3 za watu wanaokufahamu kitaaluma, na matokeo yako ya chuo. Mtihani wa GRE, uliokuwa ukiombwa sana zamani, programu nyingi zimeuacha. Mwisho wa kupokea maombi huangukia kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Majibu huanza kutoka Februari, hushamiri mwanzo wa Machi, na mabaki yake huburuta hadi Aprili, pengine Mei.

Majibu yenyewe ni ya aina nne, wala si mbili: kukubaliwa na kufadhiliwa, kukubaliwa bila fedha au kwa fedha pungufu, kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, na kukosa. Tofauti kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtanzania anaijua vizuri kwa jina jingine: kudahiliwa chuo ni jambo moja, kupata mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ni jambo jingine, na wapo wanaopata la kwanza wakakosa la pili na wakabaki nyumbani. Ufadhili kamili wa MFA una miguu mitatu: ada inafutwa, unapewa posho ya kujikimu, na unakatiwa bima ya afya. Kwa vyuo vingi unalipia kwa jasho, kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la uandishi wa Kiingereza. Vichache havidai hata hilo. Michener Center ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, huchukua watu 12 kwa mwaka na kuwalipa waandike tu.

Hakuna TCU ya Marekani

Huu ndio mzizi wa kuchelewa kote. Tanzania, chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mwombaji aliyedahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri, ndani ya siku zilizotangazwa, na nafasi nyingine zikaachiwa wengine kwa awamu inayofuata. Kenya, KUCCPS, chombo cha serikali cha kupanga wanafunzi vyuoni, humpanga mwanafunzi mahali pamoja. Kuna mtu mmoja katikati anayeona kila kiti.

Kwa MFA hakuna wa katikati. Kila chuo kinasoma peke yake, kinaita peke yake, na hakijui mtu wake ameitwa na nani mwingine. Mwandishi mzuri aliyeomba vyuo 10 anaweza kuitwa na 4 ndani ya wiki mbili, na kuanzia siku hiyo ameshikilia viti 4 huku makalio yake ni mawili tu. Wala halazimiki kufanya haraka. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye fedha halazimishwi kujibu kabla ya 15 Aprili. Makubaliano hayo ni ya kumlinda asibanwe, na yanamlinda kweli. Lakini pia yanamaanisha kwamba viti 3 ambavyo hatavikalia vinaweza kubaki vimefungwa tangu Februari hadi katikati ya Aprili, na nyuma ya kila kiti kuna mtu anayetazama simu.

Zingatia pia mipaka yake. Yanagusa ofa zenye fedha, na vyuo vilivyotia saini. Ofa ya udahili mtupu, bila fedha, inaweza kuja na tarehe yake ya mapema na amana ya kulipia nafasi. Soma barua yako, usidhani.

Faili lako linapita wapi

Unapobonyeza kutuma, faili haliendi kwa mwandishi maarufu uliyemtaja kwenye barua ya malengo. Linakwenda kwanza kwenye ofisi ya udahili ya chuo cha uzamili, kwa makarani wanaohakiki kama nyaraka zote zipo. Ofisi hiyo ndiyo yenye ile akaunti unayoifungua mara kumi kwa siku. Maneno yanayobadilika pale, "limekamilika", "linahakikiwa", "limepelekwa idarani", mengi ni kazi ya makaratasi. Watu hulisha matumaini yao na neno lililobadilika saa 9 usiku, kumbe kompyuta imesoma tu kwamba barua ya tatu imeingia.

Kisha idara inalipokea, na hapa ndipo inafaa kukaa kidogo.

Chukua mfano wa programu ya kawaida iliyopata maombi 400 ya hadithi kwa viti 6. Kila sampuli kurasa 25: hizo ni kurasa 10,000. Ili haki itendeke, kila faili linasomwa na watu wawili, basi ni kurasa 20,000 za kusomwa. Wasomaji ni walimu 4. Kila mmoja ana kurasa 5,000 katika wiki 6, sawa na karibu 120 kwa siku bila kupumzika Jumapili, na wakati huo huo anafundisha, anasahihisha, na ana kitabu chake mwenyewe mezani. Hesabu hiyo inakueleza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwa nini Februari inafika kabla kazi haijaisha. Pili, kwa nini hakuna anayesoma kurasa zote 25 za kila mtu. Anasoma 2, 3, 4. Kama sauti imemshika anaendelea, kama haikumshika anaandika alama na kufungua linalofuata. Ndiyo maana kuweka hadithi yako bora mbele, na si ile ndefu zaidi, ni uamuzi mkubwa kuliko chochote utakachokifanya baadaye.

Mzunguko huo unatoa labda mafaili 40 ambayo karibu kila msomaji anakubali ni mazuri. Baada ya hapo wanakaa kikao, na kikao hicho hakipimi tena nani anajua kuandika. Wote 40 wanajua. Wanatazama darasa: tukiwa tayari na watu watatu wa riwaya za familia, tunataka wa nne? Nani kati yetu ataweza kumwongoza huyu anayeandika hadithi za kisayansi? Mwalimu mmoja anapigania faili moja kwa nguvu, mwingine yuko likizo ya utafiti mwaka huu na faili ambalo angelipigania halina mtetezi. Mtu wa 7 na mtu wa 20 kwenye orodha hiyo hawatofautiani kwa kipimo chochote ambacho ungekiamini. Cornell huchukua watu 8 kwa mwaka, 4 wa hadithi na 4 wa ushairi. Iowa, ambayo ni kubwa kupita kawaida, huchukua karibu 25 kwa kila fani. Ukikosa mahali penye viti 4, barua hiyo haikuambii kama ulikuwa wa 5 au wa 300. Walio wa 5 wanalia kilio kile kile cha wa 300, na hilo ndilo linaloniuma katika mfumo huu kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Majina yakipatikana, yanapelekwa kwa wenye fedha kuthibitisha kwamba posho zipo. Hapo ndipo mkurugenzi wa programu, au mwalimu wa fani yako, anaposhika simu. Programu nyingi hupenda kupiga, nyingine huandika barua pepe. Barua rasmi ya chuo hufuata siku au wiki kadhaa baadaye, na akaunti yako inaweza kuendelea kusema "linashughulikiwa" huku umeshapongezwa kwa sauti.

Wanaokosa huandikiwa mwisho. Sababu si kiburi. Maadamu kiti hakijakaliwa, idara inataka iweze kurudi kwenye lile rundo la 40, kwa hiyo inachelewa kuifunga milango. Pia barua za kukosa huwa zinatolewa na ofisi ya udahili kwa mkupuo mmoja, na ofisi hiyo ina idara nyingine kibao za kuhudumia.

Orodha ya kusubiri na kadi za harusi

Wengi huamini kwamba kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri ni kukataliwa kwa lugha tamu. Si kweli, na fedha ndiyo inayothibitisha.

Fikiria kamati ya harusi ambayo ukumbi wake una viti 200 na kila sahani imeshalipiwa. Kamati inayojua kwamba wageni wengine hawatakuja inaweza kutoa kadi 250 na kubahatisha. Programu isiyolipa posho hufanya hivyo: huita watu wengi kuliko viti, ikijua wengi watashindwa ada. Lakini programu inayolipa kila mtu haiwezi. Ikiita 9 kwa viti 6 na wote 9 wakasema ndiyo, posho 3 zitatoka wapi? Basi inaita 6 kamili na kuweka wengine pembeni. Kadiri ufadhili unavyokuwa mnono ndivyo orodha ya kusubiri inavyokuwa ya kweli, kwa sababu wale 6 walioitwa ni watu ambao na wengine wanawagombea.

Inavyosogea ni kwa mnyororo. Mtu akikubali kwenda Michigan, anaachia Texas na Virginia. Wa kwanza kusubiri Texas anaitwa, naye alikuwa ameshikilia kiti Indiana, anakiachia. Wa Indiana anaitwa. Kiti kimoja kilichoachiwa 20 Machi kinaweza kuwafikia watu watatu ambao hawajuani kabla ya wiki kwisha. Msukumo mkubwa unakuja kati ya 10 na 15 Aprili, na mabaki siku chache baada ya hapo. Ndiyo maana, ikiwa wewe ndiye mwenye ofa nne, kuzikataa tatu mara tu unapojua hutakwenda ni wema unaomfikia mtu usiyemjua. Sentensi mbili za barua pepe zinatosha.

Na hapa ndipo fani inaporudi. Foleni si moja. Kiti cha ushairi kikiachiwa kinakwenda kwa mshairi, hata kama mwandishi wa hadithi anasubiri wa kwanza. Baadhi ya programu hupanga majina kwa namba, nyingine hazipangi, huangalia kiti kilichoachiwa kinahitaji mtu wa namna gani. Unaruhusiwa kuuliza kwa adabu kama orodha imepangwa na uko wapi. Wengine watakwambia.

Ukiwekwa humo, andika barua moja fupi kwa mkurugenzi, si zaidi. Kwa Kiingereza, na iseme takriban hivi: Naitwa fulani, namba yangu ya ombi ni hii, fani yangu ni hadithi. Nimepokea taarifa ya orodha ya kusubiri tarehe 4 Machi na nashukuru. Bado naitaka nafasi hii. Tangu nitume ombi, hadithi yangu moja imekubaliwa na jarida. Basi. Sentensi ya "mkiniita nitakuja" ina nguvu sana, kwa sababu mkurugenzi aliye na kiti kimoja tarehe 14 Aprili anataka mtu atakayesema ndiyo usiku huo huo. Kwa hiyo iandike kama ni kweli, na usiiandikie vyuo viwili. Usitume sampuli mpya ambayo hukuombwa.

Kuusoma ukimya kwa tarehe

Hadi katikati ya Februari, kimya hakina maana yoyote, hata kama chuo kingine kimeshaanza kuita.

Kuanzia mwisho wa Februari hadi wiki ya pili ya Machi, mambo yanaanza kutofautiana. Ukisikia mtu ameitwa na chuo ulichoomba, uliza kwanza ni fani gani. Mshairi kuitwa hakumhusu mwandishi wa hadithi, maana kamati ni mbili na zinamaliza siku tofauti. Kama ni fani yako, jua kwamba simu za fani moja mara nyingi hupigwa ndani ya siku chache. Zikipita siku 10 tangu walioitwa wajulikane na wewe hujasikia, uwezekano wa kuwa kwenye kundi la kwanza umekuwa mdogo sana. Ni vizuri kulikubali hilo kuliko kujidanganya. Kilichobaki ni mawili, kusubiri au kukosa, na kimya hakiwezi kuyatenganisha hayo.

Baada ya katikati ya Machi, kama hujapata jibu lolote na wengine wameshapewa majibu ya kila aina, unaweza kuandika kuuliza. Kabla ya hapo, kupiga simu idarani hakusaidii wala hakuharibu sana. Karani atakayepokea hana orodha, na akiwa nayo haruhusiwi kuitaja. Hali moja inakupa haki ya kuuliza mapema: umepata ofa kwingine yenye tarehe ya kujibu. Waandikie ofa hiyo ni ya lini, na uulize hali ya ombi lako. Programu nyingi hujibu barua ya namna hiyo.

Kisha kuna saa zenyewe, jambo dogo linalotesa bure. Iowa City iko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa 9, na kwa saa 8 baada ya Wamarekani kusogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi. Mwalimu anayepiga saa 4 asubuhi baada ya darasa anakupata saa 1 usiku. Anayepiga saa 10 jioni kabla ya kwenda nyumbani anakuamsha saa 7 usiku. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi punguza saa moja. Maana yake ni kwamba siku yako nzima ya kazi, tangu asubuhi hadi alasiri, wao wamelala. Hakuna habari itakayoingia saa 5 asubuhi. Mtu anaweza kuifunga barua pepe hadi saa 10 jioni bila kupoteza kitu.

Yanayokwama kweli

Wasiwasi mwingi hauna kazi, lakini kuna sehemu ambapo faili hukwama kwelikweli, na kwa waombaji wa kwetu sababu zinajirudia.

Jina ndiyo ya kwanza. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, chuo kikuu kimeandika la ukoo mbele. Barua ya mwalimu inakuja kwa jina la nne unaloitwa darasani. Mfumo wa kompyuta unaona watu wawili, na faili moja linabaki pungufu milele. Tumia majina ya pasipoti kila mahali, kwa mpangilio ule ule, na ukiona nyaraka inayosemekana haipo wakati umeituma, iandikie ofisi ya udahili utaje majina yote mawili.

Pili ni mtihani wa Kiingereza. Aliyesoma chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, kama vilivyo vyuo vikuu vingi vya Tanzania, Kenya na Uganda, mara nyingi anasamehewa TOEFL au IELTS, lakini si kila chuo kinasamehe chenyewe. Vingine vinataka barua ya msajili inayosema lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Barua hiyo usipoiomba mapema, msajili naye ana foleni yake.

Tatu, barua za walimu. Mfumo humtumia mwalimu kiungo kwa barua pepe, na kiungo hicho hupenda kuangukia kwenye barua taka. Mwalimu anasubiri, wewe unasubiri, hakuna aliyekosea. Ingia kwenye akaunti yako, hesabu kama zimefika 3. Programu nyingi huvumilia barua iliyochelewa siku chache, hazivumilii iliyochelewa mwezi.

Mwisho, mawasiliano yako mwenyewe. Laini uliyoandika Desemba iwe hewani Machi. Namba inayoanza na +1 usiikate ukidhani ni matapeli. Angalia barua taka kila baada ya siku mbili, maana barua ya orodha ya kusubiri huwa ni ya kawaida kabisa kwa sura na huzama kirahisi.

Kazi ya kukagua haya ni ya jioni moja ya Januari. Ukishaifanya, hakuna kilichobaki mikononi mwako.

Imani mbili zinazohitaji kuvunjwa

Ya kwanza inasema hawachukui Waafrika. Wanachukua. Okwiri Oduor na Makena Onjerika, Wakenya walioshinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2014 na 2018, wamesomea Iowa na Chuo Kikuu cha New York.

Ya pili inasema anayeandika kwa Kiswahili anaweza kutuma kazi yake hivyo ilivyo akaeleweka kwa thamani yake. Hapana, na ni heri ujue kabla ya kulipa ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni makumi ya dola. Sampuli inasomwa kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili ndani yake hayana shida, wasomaji wazuri hawadai uyatafsiri kila hatua. Lakini ambaye moyo wake uko kwenye Kiswahili ana njia nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Iowa ina MFA ya tafsiri ya fasihi, ambako kuijua lugha ambayo wenzako hawaijui ni mtaji. Kuna maktaba nzima ya ushairi na nathari ya pwani ambayo haijavuka kwenda Kiingereza.

Simu ikija

Utasikia pongezi, na kichwa kitakuwa chepesi. Usiseme ndiyo papo hapo hata kama machozi yanakutoka. Mpigaji anajua una hadi 15 Aprili na hatakasirika. Shukuru, kisha uliza, na karatasi iwe karibu: Ada inafutwa yote, au sehemu? Posho ni kiasi gani kwa mwaka, na ni ya miezi 9 au 12? Bima ya afya ni yenu au ninakatwa? Kuna makato ya chuo nje ya ada? Ufadhili ni wa miaka yote au unaombwa upya kila mwaka? Nitafundisha madarasa mangapi? Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na ufundishaji huo umo ndani ya saa hizo, kwa hiyo usipange kuziba pengo la posho kwa kazi ya pili. Swali la miezi 9 au 12 ndilo linalosahaulika zaidi, na Juni ndipo kodi ya nyumba inapokumbusha.

Uliza pia, bila aibu, kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja endapo viza itakwama. Programu nyingi za MFA hazisogezi, nyingine husogeza kwa sababu ya viza tu. Swali hili limekuwa zito. Juni 2025 Marekani ilisimamisha utoaji wa viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na Desemba mwaka huo orodha ikapanuliwa ikaingiza Tanzania. Masharti haya yana misamaha yake na yanaweza kubadilika ndani ya miezi, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi wa Marekani nchini kwako kabla ya kutoa senti.

Njia ikiwa wazi, mpangilio ni huu. Chuo kinakupa fomu I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, baada ya kuonyesha kwamba mwaka wa kwanza una fedha. Barua ya ufadhili kamili hutosha, iliyopungua unaijazia na taarifa ya benki. Unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali yao wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, unajaza DS-160, fomu ya maombi ya viza, unalipa dola 185 za viza, unapanga siku ya mahojiano. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti, na unaruhusiwa kuingia Marekani siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20. Aliyeitwa Februari ana miezi sita ya kuyafanya hayo. Aliyetolewa kwenye orodha ya kusubiri mwishoni mwa Aprili ana minne, na foleni ya mahojiano ubalozini inaweza kumla miwili. Kwa hiyo aliye kwenye orodha hiyo ahakikishe sasa hivi kwamba pasipoti yake ina uhai wa kutosha. Kuihuisha wakati wa kusubiri hakumpunguzii chochote, hata asipoitwa.